Isome Kwanza, Bei Baadaye: Vidokezo vya Kukusanya Sarafu za Kale Singida

Taja "rupia ya Mjerumani" kwenye kijiwe chochote cha kahawa Singida mjini uone watu watakavyosogea. Mmoja atasema ya shangazi yake iliuzwa mamilioni. Mwingine ataapa kwamba ile halisi inang'aa gizani. Wa tatu atashusha sauti na kuuliza unazo ngapi. Ukiwauliza kilichoandikwa juu yake ni nini, kimya.

Vidokezo hivi ni vya yule anayetaka kujua kilichoandikwa. Kukusanya sarafu hakudai mtaji mkubwa. Kunadai macho, subira na ubishi kidogo. Na sisi wa Singida tuna sababu yetu ya pekee ya kuupenda mchezo huu, ambayo utaikuta kwenye kidokezo cha 5. Usiruke lakini.

1. Anzia kwenye kopo la vifungo

Sarafu za kale hazikai kwenye masanduku ya chuma yenye ramani ya siri. Zinakaa kwenye kopo la vifungo vya cherehani, kwenye kibuyu kilichosahaulika darini, kwenye kamba ya shanga za bibi. Zile zenye tundu katikati, za Mjerumani na za Mwingereza, zilipitishwa uzi zikawa pambo, ndiyo maana nyingi zimenusurika.

Kama unatoka upande wa Manyoni, umebahatika zaidi. Kilimatinde palikuwa na boma la Wajerumani kwenye njia ya misafara ya kwenda Tabora, na reli ya kati ilipita Manyoni kabla ya kufika Tabora mwaka 1912. Mkalama nako kuna boma lake. Penye boma palikuwa na mtoza kodi: kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, ndiyo iliyozisukuma rupia mpaka ndani ya tembe za Wanyaturu na Wanyiramba. Hawakuzipenda, walizitafuta kwa sababu walilazimishwa.

Mahali pengine ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba hununuliwa kwa kilo, na kwenye gunia la mabomba na koki za bomba huwamo sarafu ambazo hakuna aliyezitazama. Omba upekue kabla gunia halijapanda lori.

2. Shikamoo hutangulia bei

"Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Baada ya hapo kaa, uulize habari za mvua, za mtama, za mifugo. Ukianza na "bibi una rupia?", utajibiwa kwamba hakuna, hata kama amezivaa.

Sarafu nyingine ni za ukoo, zilitolewa kwenye mahari au zinatunzwa kwa jina la marehemu. Hizo piga picha, andika habari zake, urudishe mkononi mwa mwenyewe. Ukinunua, taja bei ya haki mbele ya watoto wake. Anayempunja mzee leo hatakaribishwa kijiji kile tena, na habari husafiri haraka kuliko basi la Dodoma.

3. Soma nyuso mbili, kisha ukingo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sarafu za kwanza za Wajerumani hazikutolewa na serikali bali na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Ya shaba iliitwa pesa, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Upande mmoja ina tai na mwaka: 1890, 1891 au 1892. Upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Ndiyo maana pesa moja inaweza kumchanganya mtu kabisa: kijana wa shule anasoma upande mmoja, ustadhi anasoma mwingine, kila mmoja anabisha miaka mia tano na themanini na ushee. Wote wako sahihi.

Rupia za fedha za kampuni hiyo zina Kaisari Wilhelm II kichwani amevaa helmeti yenye tai juu, na kumzunguka maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Nyuma kuna simba na mnazi. Ziko za robo, nusu, rupia moja, na rupia mbili. Hizo za rupia mbili ni za 1893 na 1894 tu, na ni adimu. Ukiiona, jifanye huna haraka.

Mwaka 1904 mambo yalibadilika. Serikali ya koloni ilichukua kazi ya sarafu, pesa 64 zikaachwa, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Kaisari alibaki na helmeti yake, lakini nyuma sasa imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na hakuna simba tena. Heller moja ya shaba ilitolewa mfululizo kuanzia 1904 hadi 1913, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Iko nusu heller, ndogo kama kitufe cha shati. Iko heller 5 ya 1908 na 1909, lijisarafu zito la shaba ambalo mfuko wa kanzu ungelalamika. Watu hawakulipenda, na heller 5 ya 1913 na 1914 ikatengenezwa ndogo, nyeupe, yenye tundu, kama mwenzake wa heller 10.

Sasa tafuta herufi ndogo. A ni Berlin, J ni Hamburg. Kuna miaka ambayo mji mmoja ulitengeneza sarafu nyingi na mwingine chache, kwa hiyo herufi moja yaweza kutenganisha sarafu ya kawaida na ile ya kutafutwa. Nunua lenzi ya mkono, ile ya sonara. Bila lenzi utakuwa unakusanya vyuma tu.

Halafu ukingo. Rupia halali ina mikwaruzo iliyolingana kuzunguka ukingo wote. Sarafu ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono, na uso wake huwa na vishimo vidogo vya mapovu, herufi zikiwa butu kana kwamba zimepakwa sabuni.

4. Sumaku na mzani havina ushabiki

Chomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu. Fedha, dhahabu, shaba, na ule mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu nyeupe za zamani, havivutwi. "Rupia" ikirukia sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi. Mrudishie mwenyewe kwa upole.

Mzani ni rahisi Singida kuliko mikoa mingi, kwa sababu penye wachimbaji wadogo pana wanunuzi wa dhahabu, na kila mnunuzi ana mzani unaosoma mpaka nukta za gramu. Rupia moja ya fedha ina gramu 11.66, sawa na rupia ya India iliyoigwa. Iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo. Ikikuonyesha 9 au 14, usibishane na mzani.

5. Mfahamu tembo wa Sekenke

Mwaka 1907 dhahabu iligunduliwa Sekenke, Iramba, na pakawa na mgodi wa kwanza wa dhahabu katika koloni lile. Mgodi wenyewe haukuwa na jina kubwa duniani. Jina lilikuja na vita.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani. Sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazikuweza kuingia tena. Serikali ya koloni ilihamia bara, ikachapisha noti za dharura. Lakini noti ni karatasi, na karatasi ya serikali inayokimbia si kitu cha kumpa mchuuzi wa mahindi akakuamini. Basi mwaka 1916, kwenye karakana ya reli Tabora, mafundi waligeuka watengeneza fedha.

Kwa shaba waliyoipata, maganda ya mizinga yakiwemo, walipiga sarafu za heller 5 na heller 20. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Ina gramu 7.17, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Zilitengenezwa 16,000 na kidogo. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na mchezo ukaishia hapo. Zote, za shaba na za dhahabu, zina herufi T ya Tabora.

Kwa ladha yangu hakuna sarafu nzuri kuliko hii katika Afrika Mashariki nzima, na wakusanyaji wa Ulaya wanakubali, maana kwenye minada yao huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyohiyo bandia ni nyingi. Ukiletewa tembo, kumbuka kidokezo cha 4 kwa haraka sana, halafu mpeleke kwa mtu wa tatu asiye na faida katika biashara hiyo.

Wewe mkusanyaji wa mfuko wa kawaida, tafuta heller 20 ya Tabora. Zilipigwa zaidi ya milioni moja, baadhi za shaba nyekundu, baadhi za shaba ya manjano, na kwa kuwa mafundi walikuwa wa injini za treni na si wa sarafu, karibu kila moja ina kasoro yake. Taji limekaa upande, ukingo mmoja mnene, maandishi yamefifia. Linganisha taji: liko kubwa na liko dogo. Linganisha ncha za herufi L katika neno HELLER. Wataalamu wamezigawa kwa tofauti hizo, na mtu anaweza kukusanya heller 20 pekee miaka mingi asizimalize. Kwenye sarafu nyingine ubovu wa namna hii ungekutia shaka; kwenye hii, iliyo safi mno ndiyo ya kutiliwa shaka.

6. Usiioshe. Narudia, usiioshe.

Jivu, mchanga, limau, dawa ya meno, steelwire ya kusugulia sufuria: vyote ni adui. Ule weusi wa fedha na ule wekundu wa giza wa shaba ndio ngozi ya sarafu, na ngozi ikichunwa hairudi. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na mnunuzi anayejua huiona kwa mbali. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi usiku kucha, kisha ikandamize kwa kitambaa laini bila kusugua. Ukiona unga wa kijani unaochipuka kila unapoufuta, itenge na wenzake, maana kutu hiyo huendelea kula.

Na ishike kwa ukingo. Vidole vina jasho.

7. Usiidharau ya Mwingereza

Kwa sababu tu ni nyingi, senti zenye tundu za Afrika Mashariki huachwa kwenye vumbi. Kosa. Chukua senti 5 au 10 ya mwaka 1936 usome jina. Ukikuta EDWARDVS VIII, umeshika sarafu ya mfalme aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, akaacha ufalme Desemba 1936 kabla hajavikwa taji. Nyumbani kwake Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Zetu ziliingia, kwa kuwa penye tundu hapakai sura, jina lilitosha. Si ghali hata kidogo, maana zilitolewa nyingi, lakini ni hadithi nzuri ya kumsimulia mgeni.

Shilingi yenye simba na milima nyuma yake nayo isome vizuri. Kuanzia 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha. Kuanzia 1948 hamna fedha hata chembe. Katika miaka hiyohiyo maneno IND: IMP, yaani mfalme wa India, yaliondoka, kwa sababu India ilikuwa imejitwalia uhuru mwaka 1947. Herufi ndogo zipo hapa pia: H na KN kwa viwanda vya Uingereza, SA kwa Afrika Kusini, I kwa Bombay. Mwisho kabisa, senti 5 na 10 za 1964 hazina malkia wala mfalme, kwa kuwa wenye nchi walikuwa wamebadilika.

Ukikuta florini ya 1920, iliyodumu muda mfupi mno kati ya rupia na shilingi, tafuta kiti ukae.

8. Watoto waanze na Mwalimu

Seti ya 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, ina picha ya Nyerere upande mmoja na mbuga ndogo upande mwingine: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Shilingi ina mkono ulioshika mwenge. Senti 10 yenye pundamilia ilichelewa, ilikuja 1977. Ongeza shilingi 5 ya 1971 yenye pembe kumi, ya miaka kumi ya uhuru. Nyingi ya hizi utapewa bure kwa kuomba tu. Zile za uhifadhi za 1974, twiga na faru kwa fedha na duma kwa dhahabu, hazikupita sokoni kwa mama ntilie, kwa hiyo usizitafute kwenye kopo la vifungo.

9. Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wake

Reale yenye mwanamke mnene na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo. Wafanyabiashara wa Bahari Nyekundu na wa pwani yetu waliizoea sura hiyo wakakataa nyingine, basi viwanda vikaendelea kuipiga kwa tarehe ileile mpaka karne ya 20. Uliyonayo inaweza kuwa ya msafara wa Tabora, inaweza kuwa rika la baba yako. Ni fedha kweli, gramu 28, lakini usiilipie umri ambao huna ushahidi nao.

10. Rupia haivuti mchele

Haing'ai gizani, haizimi simu, haipasui kioo. Ni fedha na shaba, basi. Anayekuambia kuna mnunuzi amefikia hotelini na anahitaji kwanza "ada ya vipimo" anataka ada, si rupia. Mwenye mali ndiye hulipwa. Ukiona mwenye mali anaombwa kulipa, vaa viatu uondoke.

11. Weka jembe chini

Kuchimba kwenye boma la Kilimatinde au Mkalama kutafuta "mali ya Mjerumani" ni kuvunja sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimba na kibali cha kupeleka vitu vya kale nje ya nchi. Ukikuta kitu shambani kwa bahati, toa taarifa Idara ya Malikale au Makumbusho ya Taifa, na usikisogeze.

Sababu si hofu ya polisi peke yake. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, akazitia koponi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye ikagundulika kwamba tano kati yake ni za Kilwa. Kilwa yetu hii. Wanazuoni wanabishana mpaka leo zilifikaje kule, na walau wana pa kuanzia, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani. Bila X ile zingekuwa vipande vya shaba tu.

12. Chagua uwanja mmoja

Uingereza wapo wanaokusanya mafumbo ya picha ya vipande vya mbao ya tangu miaka ya 1760, na kwao kipande kimoja kikikosekana uchungu hauishi. Mkusanyaji wa sarafu ana raha kinyume chake: pengo ndilo linalomwamsha asubuhi. Lakini chagua pengo lako. Heller moja kwa kila mwaka na kila herufi. Au Tabora pekee. Au wafalme wa Uingereza wanne kwenye senti 10. Anayekusanya kila kinacholia akikidondosha huishia na ndoo.

13. Karatasi, daftari, sehemu kavu

Singida ni kukavu kuliko pwani, na sarafu hushukuru. Tumia bahasha ndogo za karatasi, sarafu moja kwa bahasha moja. Epuka ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali. Baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Usibandike selotepu, usitoboe, usipake vanishi.

Juu ya bahasha andika kwa penseli: thamani, mwaka, herufi, uzito, na ilipotoka, kijiji na aliyekupa. Nakala ya maelezo hayohayo iwe kwenye daftari linalokaa chumba kingine. Namba za KM utakazoziona kwenye katalogi za dunia ziongeze baadaye. Jina la kijiji halimo kwenye katalogi yoyote, kwa hiyo liandike siku hiyohiyo, kabla hujapanda bodaboda.